Mke wa Alhamisi

Mama Simu alistaafu na sauti yake. Vingine vyote aliviacha kazini: kiti cha kuzunguka, vipokea sauti vya kuvaa kichwani, na kikombe chenye mpini uliovunjika. Sauti alirudi nayo ikiwa nzima, laini, ya kumfanya mtu aliyepiga simu kwa hasira aombe radhi kabla hajaunganishwa. Tangu usichana wake alikuwa mpokea simu wa kampuni ya bima, na ndiyo maana mtaani walimpa jina hilo. Tatizo ni kwamba nyumbani hakukuwa na mtu wa kuongea naye. Alikuwepo mume tu.

Mume huyo alikuwa mpiga chapa. Mashine za chapa zinanguruma kutwa, na wanaofanya kazi katikati ya kelele ile hujifunza kuzungumza kwa vidole na nyusi. Yule bwana aliporudi nyumbani jioni alirudi na nyusi zake. Ukimwuliza kama chumvi imekolea, anainua moja. Ukimwambia binti yake amefaulu mtihani wa uuguzi, anainua zote mbili, na hapo ujue furaha imemzidi. Tumtendee haki: hakuwa mlevi, hakuwa mkorofi, na mshahara wake aliuleta nyumbani bila kuumega njiani. Lakini neno la kinywani mwake ulilipata kwa kubembeleza, na mara nyingine ukibembeleza ulipata kikohozi.

Mama Simu alivumilia kwa sababu alikuwa na matumaini yake. Alijiambia kinachomfunga mdomo huyu mtu ni zile mashine, na siku akistaafu, kelele zikimtoka masikioni, ataongea. Hakutaka hotuba. Alitaka, kabla hawajafa, mume wake amwambie yaliyomo ndani yake, yawe yoyote, hata kama ni malalamiko. Basi mzee akastaafu. Akavuta kiti barazani, akakaa, akatazama ukuta wa jirani kwa makini kama mtu anayesoma. Mwaka ukaisha akiwa bado anausoma.

Binti yao, ambaye sasa alikuwa muuguzi katika hospitali ya kufundishia madaktari, ndiye aliyeleta habari ya kazi. Alikuja Jumapili moja, akavua viatu, akamwambia mama yake kwamba chuo kinatafuta wazee wa kujifanya wagonjwa.

"Wa kujifanya?"

"Ndiyo, mama. Wanafunzi wanapaswa kujifunza kuuliza maswali, kusikiliza, kumpa mtu habari mbaya bila kumvunja moyo. Hawawezi kujifunzia kwa mgonjwa wa kweli. Unapewa maelezo, unaambiwa wewe ni fulani, unaumwa hapa, una watoto kadhaa. Unayashika, unakaa kitandani, unaulizwa. Unalipwa kila siku unayofanya. Wengi waliostaafu wanaipenda sana kazi hiyo. Nikakufikiria wewe."

Mama Simu akamtazama mwanawe kama aliyetukanwa. "Nijitie ugonjwa kwa mdomo wangu mwenyewe? Nikishasema naumwa ini, ini likisikia je?"

"Mama, ini halina masikio."

"Langu linayo. Asante, mwanangu, lakini kazi hiyo watafutie wengine."

Hapo sauti ikatoka barazani. "Mimi nitakwenda."

Mama na binti waligeuka wote wawili, kila mmoja akidhani redio imejiwasha. Alikuwa ni mzee, na bado anatazama ukuta. Mama Simu akaangua kicheko mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa kanga. "Wewe? Ukiulizwa unaumwa wapi utawaonyesha nyusi?" Binti naye akacheka. Mzee hakucheka, wala hakukasirika. Jumatatu asubuhi alipiga pasi shati lake mwenyewe, jambo ambalo halijawahi kutokea, akaenda.

Akarudi anapiga mluzi.

Wiki ya pili Mama Simu alipita karibu na mlango wa bafu akasikia mtu anaongea ndani. "Maumivu yanaanzia hapa, daktari, yanazunguka mpaka mgongoni, kana kwamba mtu ananikaza mkanda na hataki kuachia. Yakija nashika ukingo wa meza. Sitaki mke wangu anione." Mama Simu alisimama na beseni la nguo mkononi. Zilikuwa sentensi kamili, zenye kichwa na miguu, na sauti yenyewe ilikuwa nzuri, nzito, sauti ambayo yeye kama mtu wa simu angeiunganisha popote. Mzee alipotoka, taulo begani, akamwuliza, "Ulikuwa unaongea na nani?"

Mzee akainua nyusi, akapita zake.

Tangu hapo raha ikamtoka Mama Simu. Binti alikuwa akija na sifa na yeye alikuwa akizimeza kama dawa chungu. Baba ni nyota pale chuoni. Wanafunzi wanagombania chumba chake. Wanamwita Babu, wanamletea chai, na yeye anawaambia wapi wamekosea, kwa upole, kwamba wewe uliniuliza swali halafu hukungoja jibu. Juzi ameeleza jinsi anavyokosa usingizi, msichana mmoja akatokwa na machozi.

"Ameeleza nini hasa?" Mama Simu akauliza, kisu kikiwa kimesimama juu ya kitunguu.

"Hofu yake."

"Hofu ya nini?"

"Ya kufa, mama. Lakini ni maelezo tu, si yake."

Maelezo tu. Mama Simu alizaa na mtu huyu, alimzikia wazazi wake wote wawili, na hakuwahi kugawiwa hofu yoyote, hata ya mvua. Sasa watoto wa watu, wanaovaa makoti meupe yasiyowakaa, wanamwagiwa hofu nzima asubuhi na mapema, na wanapewa alama. Alimwonea wivu kila mmoja wao. Na juu ya wivu huo kulikuwa na mwingine mkubwa zaidi: kazi ile ilikuwa yake. Yeye ndiye aliyeitiwa, na alikuwa ameikataa kwa sababu ya ini.

Kumbe hajaona kitu bado.

Walikuwa kwenye duka la dawa siku moja, wananunua dawa ya mbu, wakakutana na kijana mmoja mrefu, mwembamba, mwenye tabasamu la mtu aliyelelewa vizuri. "Shikamoo, Babu."

"Marahaba, daktari," mzee akajibu, na kifua kikamfura kidogo.

Kijana akamgeukia Mama Simu, akamwamkia kwa adabu, kisha akarudi kwa mzee. "Bibi hujaja naye leo? Naomba umsalimie sana. Alhamisi alinisaidia mno. Nilipowapa yale majibu nilikuwa natetemeka, lakini alivyokushika mkono nikapata nguvu."

"Bibi yupi?" Mama Simu akauliza.

"Mke wake," kijana akasema kwa furaha. Akawatazama wote wawili, akakusanya akili zake za udaktari, akatoa uchunguzi wake. "Wewe ni dada yake Babu, eti? Mmefanana sana."

Mwenye duka akainama kutafuta kitu chini ya meza, na hakuinuka upesi. Mzee masikio yalimwiva kwa aibu. Mama Simu alilipia dawa ya mbu, akashukuru, akatembea hadi nyumbani bila kusema neno, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao mumewe ndiye aliyekuwa akimtupia macho akitaka asikie lolote.

Walipofika hakumpa hata nafasi ya kukaa. "Nani huyo?"

"Ni kazi," mzee akasema.

"Kazi inakushika mkono?"

"Msusi."

Hilo ndilo lililokuwa jibu lote. Mengine ilibidi ayachote kwa binti. Alikuwa mama mmoja mjane, aliyekuwa na saluni yake na sasa vidole vimechoka kusuka. Kila Alhamisi wanafunzi hufanya zoezi la kutoa habari mbaya mbele ya jamaa za mgonjwa, na zoezi hilo lahitaji mgonjwa na mkewe. Babu ni mgonjwa, Msusi ni mke. Basi.

"Na wanashikana mikono?"

"Maelezo yanasema washikane, mama."

"Maelezo yanasema mkono mmoja au yote miwili?"

"Mama."

"Nauliza tu. Na yanasema waachiane saa ngapi?"

Binti akashika kichwa, akaenda kuoga. Lakini Mama Simu alikuwa ameshaingiwa. Alhamisi alizichukia kama mtu anavyomchukia mpangaji asiyelipa. Mzee akiondoka anabaki anazunguka nyumba, anapangua kabati na kulipanga. Akirudi, anampokea shati mlangoni, si kwa mapenzi, bali ili alinuse, na kweli siku moja alisikia begani harufu ya mafuta ya nywele, mafuta mazuri, ya ghali. Alilifua shati lile akiwa amekunja ndita usoni, akalifua tena, mpaka kola ikaomba msamaha. Alhamisi nyingine alivaa gauni lake la sherehe saa ya kifungua kinywa, akapaka na wanja. Mzee akainua nyusi moja, akamaliza chai, akaenda kwa mke wake.

"Nataka kazi," akamwambia binti yake mwisho wa wiki.

"Si ulisema hutaki kujitia ugonjwa?"

"Sitaki ugonjwa. Nataka kuwa mke."

"Wa nani?"

"Wa mume wangu."

Mwalimu wa zoezi lile alikuwa daktari mwanamke, mfupi, mwenye haraka, aliyezoea kusimamisha mambo kwa kupiga makofi. Alimsikiliza Mama Simu akijieleza kwa dakika chache tu akafunga macho kwa raha. "Sauti hii ilikuwa wapi siku zote?" Mama Simu akasema ilikuwa nyumbani, haina mtu. Mwalimu akamwandikisha papo hapo, lakini akamwambia utaratibu ni huu: kwanza aangalie wenzake. Kila chumba cha zoezi kina ukuta wa kioo. Aliye ndani anaona kioo cha kujitazama, aliye nje anaona kila kitu, na sauti inamfikia kwa kipaza sauti kidogo kilichobanwa juu ya kioo.

Mama Simu alikaa kwenye benchi nje ya kioo, Alhamisi iliyofuata, mkoba mapajani.

Ndani, mzee alikuwa amekaa kitandani amevaa nguo za wagonjwa. Pembeni yake alikaa Msusi. Alikuwa mwanamke mnene kiasi, msafi, kichwa chake kimesukwa mistari myembamba iliyonyooka, na hilo nalo lilimuuma Mama Simu, kwa kuwa alitegemea kumkuta amechakaa. Mwanafunzi aliwapa habari yake mbaya, akikwama hapa na pale. Kisha mzee akaongea.

"Nakushukuru, daktari, hukunizungusha. Nina jambo la kumwambia huyu mama." Akamgeukia Msusi, akamshika mkono, tena yote miwili. "Mke wangu, mimi ni mwoga. Umeishi na mwoga ukadhani ni mtu mtulivu. Usiku nikishtuka, nasikiliza kwanza unavyopumua, ndipo narudi kulala. Sasa naogopa nitakapokwenda, huko sitakusikia. Usiniache peke yangu kwenye hili."

Msusi akampapasa kiganja kwa dole gumba, taratibu. Mwanafunzi akajifuta pua. Mwalimu alipiga makofi, akasema ni vizuri sana, na mle ndani wote watatu wakacheka wakajinyoosha kama watu waliotoka kuogelea.

Mtu mwenye akili tulivu angejiuliza mzee aliyatoa wapi yale ya kusikiliza pumzi usiku, ikiwa Msusi hajawahi kulala kwenye nyumba yake. Mama Simu siku ile hakuwa na akili tulivu. Alikuwa na wivu tu. Yote aliyoyangojea tangu harusi yao yalikuwa yamesemwa, neno kwa neno, tena kwa sauti nzuri, mchana kweupe, kwa mwanamke mwingine, na yeye ameyapata kwa kipaza sauti. Maisha yake yote aliwaunganisha watu waongee, yeye akikaa katikati na waya mkononi. Hapa pia.

Walikutana kwenye chumba cha chai. Msusi alimjia mwenyewe, mikono yote miwili mbele. "Kumbe wewe ndiye mwenyewe. Karibu, dada. Una bahati, wallahi. Mume mwongeaji vile? Marehemu wangu alikuwa kama mlango. Nakaa na Babu kitandani pale nawaza, huko nyumbani mwenzangu anafaidi."

Angemtukana ingekuwa nafuu. Mama Simu akaangalia chai yake, kisha akasema kitu ambacho hakujua kama atakisema. "Dada, niazime mume wangu Alhamisi moja."

Msusi alidhani ni utani, akacheka. Alipoona mwenzake hacheki, naye akaacha. Akamtazama vizuri, kama alivyokuwa akitazama kichwa kabla ya kukisuka, akajua kuna kilichoharibika. "Chukua ijayo," akasema. "Nitamwambia mwalimu nina jino."

Wiki ile Mama Simu hakumwambia mumewe kitu. Alimficha. Aliyashika maelezo yake jikoni, akiwa peke yake, na hayakuwa magumu: mke anasikiliza, mke anashika mkono, mke analia akijisikia. Alhamisi mzee alitangulia kama kawaida. Yeye akaja nyuma, akapitia mlango mwingine, na mzee alipokwisha kupanda kitandani, mlango ukafunguliwa na mke wake akaingia kuwa mke wake.

Nyusi zikapanda mpaka karibu na nywele.

Mwanafunzi wa siku hiyo alikuwa yule kijana mrefu wa duka la dawa. Alipomwona "dada yake Babu" amekaa kwenye kiti cha mke, alipotea kidogo, lakini akajikaza, akaeleza habari yake mbaya kwa utaratibu aliofundishwa. Akamaliza, akangoja. Zamu ilikuwa ya mzee. Mama Simu akamwekea mikono yake miwili mapajani, wazi, ichukuliwe.

Mzee akafungua mdomo. Akamtazama mkewe. Akaufunga.

Kimya kilichofuata Mama Simu alikifahamu vizuri, amekipikia na kukifulia maisha yake yote. Nje ya kioo watu walikuwa wanaona.

"Mume wangu," Mama Simu akasema kwa ile sauti yake ya kazi, "sema tu. Nakusikiliza."

"Siwezi."

Mwalimu akapiga makofi, akaingia. "Babu, kuna nini? Wiki iliyopita uliniliza mimi mwenyewe."

"Huyu ni mke wangu."

"Ndiyo, leo huyu ndiye mke wako."

"Hapana, mwalimu. Ni mke wangu." Mzee alikuwa ameinamisha kichwa, anaongea na shuka. "Yule mwingine nikimwambia nakufa, anajua tukitoka hapa tunakunywa chai. Huyu nimwambieje?"

Mwalimu alielewa, na uso wake ukalainika. Kijana naye alielewa. Katika chumba chote asiyeelewa alikuwa Mama Simu, kwa sababu wivu una masikio yake, na yake yalisikia jambo moja tu: kwamba mbele ya umati mume wake amekiri maneno yapo, ni mengi, na yeye ndiye wa kunyimwa.

Mwalimu hakuwa mtu wa kupoteza siku. Msusi, ambaye jino lake lilikuwa limepona kwenye chumba cha chai, alirudishwa kitandani kwake. Mama Simu akapelekwa chumba cha pili, ambako alihitajika mjane. Maelezo yalikuwa mafupi. Mumewe amefia kwenye upasuaji. Alikuwa seremala, mcheshi, mwenye maneno, aliyezoea kumwimbia jikoni. Mwanafunzi ataingia kumwambia.

Mama Simu aliyekataa kuumwa ini akakubali kufiwa na mume pale pale. Kwa hasira aliyokuwa nayo asingeona shida kumzika hata mara mbili.

Mwanafunzi aliingia, msichana mdogo mwenye sauti ya kuvunjika, akakaa, akamwambia kwamba walijaribu, lakini haikuwezekana. Mama Simu alikuwa amejiandaa kulia kidogo tu, kwa heshima. Lakini alipomfikiria yule seremala, akamwona anaranda mbao huku akimweleza mteja gani kamkera na mteja gani kamfurahisha, akamwona jikoni anaimba na kumwuliza na wewe leo umepatwa na nini, kitu kikamkatika kifuani. Alilia kweli. Alilia mpaka msichana akasahau maswali yake, akamshika tu.

"Alikuwa ananiambia kila kitu," akasema katikati ya kwikwi. "Kila siku, kila kitu. Sasa nani ataongea na mimi?"

Mwalimu alichelewa kupiga makofi. Mama Simu alipotoka, macho yamevimba, alimkuta mumewe amesimama nje ya kioo na kikombe cha chai kilichopoa. Alikuwa ameona yote. Njiani alikuwa anatembea vibaya, mara mbele yake, mara nyuma, kama mtu anayetafuta sehemu ya kusimama.

Nyumbani Mama Simu aliingia jikoni moja kwa moja, akaanza kuchambua mchele kwenye ungo. Jua la alasiri lilikuwa limeingia hadi kwenye meko. Mzee akaja akasimama mlangoni.

"Ulikuwa unamlilia nani?"

Mkono ulisimama juu ya mchele. Swali zima, na hakuna aliyelibembeleza. "Mume wangu," akasema.

"Mimi?"

"Si wewe. Huyo alikuwa seremala."

"Alikuwa anaimba jikoni," mzee akasema kwa uchungu.

"Sana."

"Na alikuwa anakuambia kila kitu."

"Kila kitu. Hakuwa na siri."

Mzee akaingia, akavuta kigoda, akakaa. "Seremala mwenyewe hayupo."

"Najua. Amefariki."

"Hajawahi kuwepo."

Mama Simu alimtazama, na polepole akaelewa alichokuwa anakiona. Mume wake alikuwa anamwonea wivu marehemu aliyetungwa na chuo. Angeweza kumhurumia. Hakumhurumia hata kidogo. Alirudi kwenye mchele wake, akatoa jiwe, akalirusha nje, akamwacha naye auonje wivu alioula yeye miezi yote.

"Jicho langu halioni," mzee akasema.

Haikuwa ile sauti ya Alhamisi. Ilikuwa kavu, imekwama, na maneno yalitoka moja moja, yakigongana. "La kushoto. Kulikuwa na ukungu, huku pembeni. Halafu ukungu ukaja katikati. Sasa upande huu wote, hamna kitu. Mtu akisimama huku simwoni. Nilidhani utaondoka."

"Tangu lini?"

"Kitambo."

"Na kutwa unashinda na madaktari."

"Wananiuliza tumbo," mzee akasema. Akasugua magoti kwa viganja. "Nilikuwa naogopa. Naogopa na sasa."

Mama Simu akaweka ungo chini. Siku moja nyuma ya kioo ilikuwa imemtosha kujua mtu huulizwa nini hapo, na kwa mpangilio gani: je, linauma, je, na lile jingine likoje, je, umekaa nalo peke yako muda wote huu. Aliyajua yote, na safari hii yalikuwa ya kweli, na aliogopa.

"Kesho asubuhi tunakwenda hospitali," akasema.

"Tunakwenda?"

"Mimi na wewe. Nitakaa ndani, sitoki." Akafuta mikono kwenye kanga ingawa haikuwa na maji. Swali lilikuwa limesimama mbele ya mengine yote na halikutaka kupisha. "Msusi anajua?"

Mzee alishangaa, akainua uso. "Msusi? Hajui. Hakuna anayejua. Nimwambie yeye kwa nini?"

Mumewe alikuwa anapofuka jicho, na Mama Simu, Mungu amsamehe, alisikia furaha inampanda kifuani mpaka mashavuni, furaha ambayo hakuwahi kuipata hata siku ya harusi yake. Hakuweza kuizuia. Akainuka, akamwekea mzee mkono begani, akasogea polepole akasimama upande wake wa kushoto, ili asimwone anavyotabasamu.